Nazi ya Pili

Faki alikuwa juu ya mkarafuu, kamba kiunoni na pakacha begani, akitutangazia vyakula vya mtaa mzima. Ilikuwa asubuhi ya msimu, Wawi, shambani kwa mjomba wangu, na sisi tulio chini tulikaa kwenye jamvi tukichambua karafuu kutoka kwenye makonyo, vile vijiti vyake. Faki alikuwa akivuta pua, akitulia kidogo, kisha akisema kwa sauti, "Kwa Bi Raya muhogo leo, na nazi kaitia kidogo." Akageukia upande wa pili. "Kwa Mzee Shaame papa. Ntu asende huko, chungu kimeungua." Bi Raya akatoka na upawa mkononi kumtukana, na kwa vile alivyotoka na upawa tukajua kuwa ni kweli. Tulicheka hata mjomba akatukumbusha kuwa karafuu hazijichambui.

Faki alikuwa mtu wa Konde. Kila msimu alikuja Wawi kupiga dago, kulala shambani na wachumaji wenzake mpaka kazi iishe, na huko ndiko tulikoshikana tukawa sahibu. Siku za Ijumaa hakuchuma. Alipanda gari la abiria kwenda kwao Konde, kwa sababu mkewe, Mize, Ijumaa hupika mkate wa kumimina. Alituapia kuwa akifika Wete tu huanza kuusikia harufu. Nilimwambia ni muongo, naye akaniambia mimi pua yangu ni pambo la uso.

Siku ile ya upawa wa Bi Raya ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote, na haikuwa na jambo.

Vita vilikuwa mbali wakati ule, lakini jikoni vilishaingia. Mchele wetu ulikuwa ukitoka Bama, huko mashariki ya Bara Hindi, na Bama ilikuwa imeshakamatwa na Wajapani. Muhindi mwenye duka pale Chake alikuwa akiuonyesha mkebe mtupu kwa kila aliyeingia, masikini, hata kwa aliyekuja kununua mafuta ya taa. Watu tukarudi kwenye muhogo, ndizi na mahindi, na waliozoea kujivunia wali wakajifunza kunyamaza. Serikali ilipotafuta vijana wa kwenda jeshini, Faki alinijia na kauli moja. "Yakhe, nchele hauji. Twende tukaufuate."

Nilicheka. Mke wangu Kazija, ambaye tumbo lake lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuonekana, hakucheka. Alimtazama Faki, akanitazama mimi, akaendelea kupeta mahindi. Mpaka leo sijui kama nilikwenda kwa ajili ya mshahara, au mzaha wa sahibu yangu, au ujana tu.

Tulifundishwa kazi ya bunduki bara, tukapakiwa meli mpaka kisiwa cha Selani, na kutoka Selani tukaingizwa Bama katikati ya masika yao. Sitaki kuyaeleza yote. Mvua ilikuwa hainyeshi ikakatika, inahamia tu kutoka mlima huu kwenda ule. Matope yalifika magotini. Ruba waliingia kwenye viatu, na sisi Waislamu kila tulipopewa mkebe wa nyama ilibidi kwanza tuulizane ni ya nini. Tulikula biskuti ngumu hata ndani ya mdomo pakatoka vidonda.

Kisha tukayaona mashamba ya mpunga. Wenyewe walikuwa wamekimbia, na mpunga umeiva na kulala chini, unaota upya ndani ya maji. Faki alisimama pembeni mwa lile shamba. Alichuma shuke moja, akalifikicha, akazitia punje mfukoni. "Mize hatoamini," alisema. "Tumefika kwenyewe, na nchele hatuuli."

Pua yake huko iligeuka kazi. Sajini wetu, mtu wa bara mwenye maneno machache, alipokwisha kuona kuwa Faki hakosei, akawa anamwita mbele kila tukitaka kupita msituni. Faki husimama, huvuta pua, husema, "Kuna moshi, wapo," nasi tukapita kwengine. Alituokoa hivyo zaidi ya mara moja. Tulipopumzika alirudi kwenye mchezo wake wa mkarafuuni, anatutangazia chakula cha kwao. Leo Mize kapika hiki, leo Mize kapika kile. Nilimkataza, kwa sababu na mimi nilikuwa na kwetu.

Asubuhi ile tulikuwa tumelala kifudifudi ukingoni mwa kijito. Mvua ilikuwa imetulia.

Faki akavuta pua.

"Yakhe, wali," alisema.

Nikamwambia alale.

"Wallahi wali. Wa nazi."

Nikamwambia Bama hii nazi itoke wapi. Akatabasamu, akanyanyua kichwa kidogo aisikie harufu vizuri.

Mlio ulikuwa mmoja.

Alinilalia mkononi. Risasi ilimpata shingoni, na damu ilikuwa nyingi kuliko kitambaa nilichokuwa nacho. Nilimsomea shahada sikioni. Midomo yake ilitikisika, naamini alinifuatisha. Kisha mkono wake ukawa mzito.

Nilimfumba macho. Nilichana ukosi wa shati langu nikamfunga kidevu, kama nilivyomuona baba akimfanyia babu.

Sajini akatuamuru turudi nyuma.

Tuliporudi siku ya pili kijito kilikuwa kimefurika, na ule ukingo haupo. Tulitafuta kwa kufuata mkondo, kadiri tulivyoruhusiwa. Hatukumpata Faki, wala bunduki yake, wala mti tuliokuwa tumejificha nyuma yake.

Vita vilipokwisha nikarudishwa. Kabla yake nililazwa hospitali kwa homa miezi mingi, na huko nikajiambia kuwa habari zimeshafika, serikali haikosi kumwarifu mtu aliyefiwa. Nilishuka Pemba nikakuta mtoto wa kike amesimama mlangoni kwangu, akaniuliza namtaka nani. Huyo alikuwa Siti, binti yangu. Kwa wiki za mwanzo aliniita "yule bwana". Alikuwa akimwambia mama yake, "Yule bwana kaamka," au, "Yule bwana hataki uji." Kazija alicheka mpaka akafuta machozi, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha.

Sikuwa hata nimezoea kulala kitandani Mize alipokuja. Alitoka Konde kwa gari la abiria, mguu mmoja umejaa vumbi kuliko mwengine, na alikuwa amejipamba. Nalikumbuka hilo kuliko sauti yake. Kanga nyekundu mpya, hina mikononi, wanja machoni. Ndani ya kikapu alikuwa na mkate wa kumimina wa unga wa muhogo, maana mchele ulikuwa bado adimu, na alinitaka radhi kwa ubaya wake. Tulipomaliza kuamkiana akaweka kile kikapu chini.

"Shemeji," alisema, "mwenzio mwemwacha wapi?"

Serikali ilikuwa imemwambia kuwa mumewe haonekani. Asiyeonekana, kwa Mize, alikuwa mtu anayetafutwa, na anayetafutwa hupatikana. Kila Ijumaa kwa muda wote ule alipika mkate, akaliweka fungu la Faki pembeni mpaka alasiri, kisha akawapa watoto wa chuoni, wanaosoma Kurani.

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilijaribu tena, na nikasikia meno yangu yanagongana ndani ya kichwa changu, mchana wa jua kali. Nilinyanyuka nikatoka nikaenda shambani. Nyuma yangu nilimsikia Kazija akisema, "Nsamehe, mdogo wangu. Mwili umefika, mwenyewe bado yu njiani."

Mize alirudi Konde bila ya jawabu. Kazija hakunilaumu, ila jioni wakati tunakula akaniwekea maneno mbele yangu pamoja na samaki. "Yule mwanamke hawezi kulia," alisema, "wala hawezi kuolewa. Shehe kamwambia ni mke wa ntu mpaka aje alokiona kifo kwa macho. Na aloona ni weye."

"Siwezi kusema, Kazija. Umeona mwenyewe."

"Sikukwambia useme. Chuoni ulisoma bure?"

Basi nikaandika. Yule Muhindi wa Chake alinipa karatasi za kufungia bidhaa, nikazikata, nikakaa barazani na kalamu, kwa herufi zile za Kiarabu za chuoni. Nilianza alfajiri na kuendelea mpaka jua linapinduka. Nilipokuwa nikiandika nilikuwa Bama, na nilipoiweka kalamu nilikuwa bado Bama. Chakula kilipoa mbele yangu. Siku moja Siti alikuja akanishika bega kwa nyuma, nami nikaruka nikamsukuma. Hakuumia. Alikwenda akasimama nyuma ya mama yake na kunitazama, na hata lile jina la yule bwana hakulitamka siku ile.

Kazija ndiye aliyeweka sharti. Aliitoa mbuzi ya nazi jikoni, akaiweka barazani hatua chache na mimi, akaikalia, akavunja nazi. "Utaandika n'kikuna," alisema. "Mbuzi ikinyamaza, na weye unyamaze. Nazi moja kwa siku. Mie nina mume nusu, hiyo nusu siigawi na Bama."

Nilinung'unika. Nazi moja ni muda gani? Mtu hata hajamaliza kukumbuka jina la kijiji, mke wake ameshafika kwenye kifuu. Lakini sikuwa na hoja ya kumshinda, kwa hiyo nikaandika kwa sauti ya lile jino la chuma, kwarr, kwarr, na ilipokoma nikaweka kalamu. Hapo Siti alitumwa. Alikuja na nazi iliyokunwa mkononi, imechanganywa na sukari kama ipo, akasimama mbele yangu kwa tahadhari, akanitilia mdomoni. Nilitafuna. Kisha nilikuwa na kazi: kuchota maji, kuezeka banda la kuku, kumbeba Siti mabegani kwenda kuangalia kama pera zimeiva, ingawa alijua na mimi nilijua kuwa hazijaiva.

Haikuchukua siku nyingi nikagundua kuwa Kazija anacheza mchezo. Akiniona uso umekunjamana alikuna mbiombio, nazi ikaisha mara moja. Akiniona naandika kwa utulivu alikuna polepole, akisimama kumfukuza kuku ambaye hakuwepo. Nilijifanya sijui. Nilizipenda asubuhi zile kwa namna ambayo sikuijua kabla ya vita, na nilizipenda kwa hofu, maana kila nilipofurahi nilimuona Faki amenilalia mkononi. Siti akanizoea. Siku moja aliniita baba bila ya kutumwa, alikuwa ananiomba nimtoe mwiba, nami nikachelewa kuutoa makusudi ili aniite tena.

Kijito sikukifikia. Nilikuwa nimeandika meli, ruba, biskuti, shuke la mpunga, na kila nilipofika asubuhi ile nazi ilikwisha, au niliifanya iishe.

Kisha mchele ukarudi. Watu walipanga mstari dukani kama wanaopokea msafara, na Kazija akaja na kipimo chake kwenye ncha ya kanga. Mtaa mzima ulipika mchana mmoja. Siti, aliyezaliwa vita vikiwa vimepamba moto, hakuwahi kuuona wali. Alipowekewa sinia alichungulia, akauliza, "Vidudu hivi vinauma?" Kazija akacheka, majirani wakacheka, akachukua punje moja akaila kwa ncha za meno na macho yamefumbwa.

Mimi nilikuwa nimeshatoka nje. Ilikuwa harufu. Wali, wa nazi. Nilikuwa nimekaa chini nyuma ya banda la kuku, mgongo ukutani, na sikuweza kunyanyua kichwa. Nilijua niko Wawi, niliwasikia wanavyocheka, na kichwa hakikunyanyuka.

Kazija alinifuata na bakuli la muhogo. Alikaa mavumbini pembeni yangu na kanga yake safi mpaka nikala.

Asubuhi iliyofuata aliikalia mbuzi, nami nikaiandika ile asubuhi ya kijito yote, kuanzia mvua kutulia hadi ukingo kutokuwepo. Alikuna polepole kuliko siku nyengine zote. Sikuinua macho. Nilipoweka kalamu nikaona nazi imekwisha zamani, na Kazija anakuna kifuu kitupu.

Shehe alitupokea Chake, barazani kwake, mimi na Kazija, na Mize aliyeletwa na kaka yake kutoka Konde. Mize alikuwa amejipamba vilevile. Nilimsomea Shehe karatasi zangu, kwa sababu kusoma niliweza. Nilipofika kwenye mlio sauti ilikatika, nikasubiri, ikarudi. Mize hakulia. Alikuwa ameinamia viganja vyake, anaitazama hina.

"Macho ulimfumba mwenyewe?" aliuliza Shehe.

"Nilimfumba, Shehe."

"Na kidevu?"

"Nilimfunga."

"Mwezi gani huo?"

"Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani tu. Si mwaka huu, wala si uliopita."

Shehe alihesabu kwa pingili za vidole, akarudia. Alikuwa mtu mpole, na niliona anatafuta namna ya kulisema neno lake.

"Mwanangu," alimwambia Mize, "Mungu amrehemu mumeo. Eda ya kufiwa huhesabiwa tangu siku ya kifo, si siku ya habari. Miezi yako minne na siku zako kumi zimeshapita zamani. Huna eda ya kukaa. Umeshatoka."

Mize alinyanyua uso. "Zimepita lini?"

"Zimepita, mwanangu, nawe hujui. Huna dhambi."

"N'likuwa nkipika," alisema Mize. "N'likuwa nkitia wanja. Ndo n'likuwa edani?" Akatutazama mmoja mmoja, kama vile kuna aliyekuwa nayo miezi hiyo na anaweza kuirudisha. "Basi sina hata siku moja ya kunlilia?"

Shehe akasema kulia hakuna aliyemkataza.

Kazija alimchukua nyumbani kwetu. Alimfuta wanja kwa mafuta ya nazi, akamvua ile kanga nyekundu akampa yake iliyochujuka, akamkalisha chumbani. Alipita nyumba kwa nyumba, na wanawake wa Wawi, ambao wengi wao walimjua Faki kwa kutangazwa vyungu vyao, wakaja kukaa naye. Siku tatu moto haukuwashwa kwetu, kama inavyokuwa kwa waliofiwa. Majirani walileta chakula. Bi Raya alileta muhogo, akasema kuwa safari hii nazi imekolea.

Mimi nilikaa barazani na wanaume, na mbuzi ya nazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nimeyapima mambo haya miaka mingi tangu hapo. Nilimpa Mize ruhusa ya kuolewa, na baadaye aliolewa Wete, akazaa, na mumewe alikuwa mtu mwema. Lakini nilimnyang'anya Ijumaa zake. Alizipika zote akiwa mke wa mtu, na kwa kurasa zangu nikamwambia kuwa nyingi alizipika akiwa mjane. Ilibidi, na nikiambiwa nirudie nitarudia. Uchungu wake haujapungua kwa sababu ilibidi.

Siku ya nne aliamka mapema kurudi kwao. Nilikuwa barazani, na sikuwa na kalamu mkononi, kwani nilidhani yaliyokuwa ya kuandikwa yamekwisha. Mize alitoka, akaichukua mbuzi pale ukutani, akaikalia. Alivunja nazi. Maji yake akampa Siti.

"Andika, shemeji," alisema.

"Nimemaliza, Mize. Umesikia yote."

"N'mesikia alivyokufa. Nataka ya kabla. Ya dagoni, huko juu ya nkarafuu, alipokuwa akicheka." Akaanza kukuna. "Konde aliniletea karafuu tu. Vicheko aliviwacha huku kwenu."

Nikachukua karatasi. Nikaandika kamba kiunoni na pakacha begani. Nikaandika Bi Raya na upawa wake, na papa aliyeungua wa Mzee Shaame, na mjomba akitukumbusha kazi, na kila nilichoandika nilimsomea. Mara ya kwanza alitabasamu. Kwa Bi Raya alicheka kabisa, mkono mdomoni, na Kazija jikoni akacheka naye. Harufu ya wali ilikuwa inatoka huko ndani. Niliisikia, nikaendelea kuandika.

Sauti ya mbuzi ikakoma. Siti, anayeijua sheria ya nyumba, akaja mbele yangu na nazi iliyokunwa mkononi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika Ijumaa, Faki anapanda gari la abiria kwenda Konde.

Nikaiweka kalamu chini.

Mize alimtazama Kazija aliyekuwa amesimama mlangoni. Kazija akaingia ndani, akatoka na nazi ya pili.